Boriti Kuukuu na Haki ya Mwenyewe

Baadhi ya wasomaji wetu wenye jamaa Emali, Makindu na Kitui wametuuliza kama yafaa kujenga nyumba kwa vifaa vilivyobomolewa kwingine. Yafaa, wala si aibu. Isiyotupendeza ni nyumba ya magogo matupu: hula miti mingi katika nchi kame, na mchwa wa Ukambani hawana huruma. Bora nguzo za mukau, mti wa huko huko ambao mchwa hawauwezi kwa urahisi, au boriti za mikoko zilizotoka katika nyumba kongwe za pwani, na kuta za matofali ya kuchoma.

Lakini boriti ina mwenyewe. Kila kipande kiulizwe kilikotoka kabla ya kuulizwa bei. Reli ya zamani, iliyopita Makindu na Sultan Hamud (mji wenye jina la Sayyid Hamoud wa Unguja) na kufika Nairobi mwaka 1899, haikugeuka mali ya pori ilipoanza reli mpya mwaka 2017. Anayeuza mataruma yake ya chuma usiku, kwa bei ya kutupa, hauzi chake. Na anunuaye hali akijua ameshiriki dhambi. Hata asiyejua, kitu hurudi kwa mwenyewe, naye akamdai muuzaji fedha zake.

Mbao za msikiti uliovunjwa zina uzito zaidi. Zikiwa za wakfu, jirani hajichukulii. Msimamizi wa wakfu aulizwe, na zikiuzwa, thamani irudi kwenye wakfu. Hapa wengi huteleza kwa nia njema, wakidhani wanachukua baraka.

Akina mama watazame paa, kwani wao ndio wabebao madumu. Mabati ya asibestosi yasikatwe wala kutobolewa. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Bati kuukuu lenye rangi ya kale huenda lina madini ya risasi: liezekeeni banda la mbuzi. Paa la nyumba liwe jipya, hata kama kila kitu kingine ni kikuukuu. Paa la mita 40 za mraba hupokea lita 40 kwa kila milimita ya mvua. Milimita 200 ni lita 8,000, kabla ya kutoa zinazomwagika. Na kwa kuwa mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi huko, paa na tangi vitangulie milango na madirisha.