Okoa, Okolewa, Okoka: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza na Mahubiri Yetu

Mama mmoja mjane, aliyebatizwa utotoni, alinijia baada ya ibada hapa Songea akasema, "Baba Mchungaji, wageni waliokuja kuniombea wameniuliza kama nimeokoka. Nimeshindwa kuwajibu. Je, ubatizo wangu ulikuwa bure?" Swali hilo ni la teolojia, lakini pia ni la lugha. Katika makala haya nakusudia kuonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana.

Wanafunzi wetu husoma vitabu vingi kwa Kiingereza, kisha huhubiri kwa Kiswahili. Humo vitabuni hukutana daima na kitenzi "save". Asili yake ni neno la Kilatini "salvus", yaani mzima au salama, na matumizi yake ni mengi.

Kwanza, ni kumtoa mtu hatarini. Pili, ni kuweka akiba, kama mkulima wa Ruvuma abakizavyo magunia ya mahindi ghalani asiyauze yote wakati wa mavuno. Tatu, ni kupunguza matumizi ya muda au nguvu. Nne, ni kulinda: wimbo wa taifa wa Waingereza, ulioimbwa Tanganyika hata Uhuru wa tarehe 9 Desemba, 1961, haumwombei mfalme atubu, bali Mungu amlinde. Tena, katika Kiingereza cha kale, kama cha Biblia ya mwaka 1611, neno hilo huweza kuwa na maana ya "isipokuwa". Msomaji asiyelijua hilo atautafuta wokovu mahali usipotajwa.

Kitenzi cha Kiyunani, "sozo", nacho ni kipana. Katika Marko 5:34 na Luka 7:50 Bwana Yesu analitumia neno lilo hilo kwa wanawake wawili. Watafsiri wa Biblia yetu ya mwaka 1952 wakaandika "ponya" kwa yule mgonjwa, na "okoa" kwa yule mwenye dhambi. Hawakukosea. Lakini mhubiri na ajue ya kuwa Kiyunani hakikuutenga mwili na roho kama tufanyavyo sisi.

Sasa tuitazame lugha yetu. Kiswahili kina kauli mbili ambazo Kiingereza huzieleza kwa umbo moja: kuokolewa na kuokoka. Tukisema mti umeng'olewa, twajua yupo aliyeung'oa. Tukisema mti umeng'oka, mng'oaji hatajwi. Huenda ni upepo, huenda ni mtu. Ndivyo ilivyo hapa. Kuokolewa kwamdai mwokozi. Kuokoka kwaeleza hali tu ya aliyetoka hatarini. Wazee wetu katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, waliona wenzao wakinyongwa hapa Songea, kisha njaa ikafuata baada ya mashamba na maghala kuteketezwa. Waliobaki hai twasema waliokoka, wala hatusemi ni nani aliyewaokoa.

Katika Waefeso 2:8 Biblia yetu yatumia kuokolewa. Katika Matendo 16:30, swali la mlinzi wa gereza, yatumia kuokoka. Lakini katika Kiyunani mahali pote pawili ni kauli ya kutendwa. Kwa hiyo haifai kujenga juu ya neno kuokoka fundisho la kwamba wokovu ni tendo letu, au ni cheo cha kundi fulani la Wakristo. Mtendaji ni Mungu, hata pale sarufi yetu isipomtaja.

Tena wokovu una nyakati zake. Paulo asema tuliokolewa (Warumi 8:24), tunaookolewa (1 Wakorintho 1:18), na tutaokolewa (Warumi 5:9). Anayeuliza "umeokoka?" huuliza juu ya wakati mmoja tu kati ya hiyo mitatu.

Sisemi haya ili kuwadharau ndugu zetu wa Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ambao Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Walilikumbusha Kanisa kwamba ubatizo usio na toba ya kila siku husahauliwa. Luther naye alifundisha hivyo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Lakini katika kitabu hicho hicho anakiri kwamba hawezi kumwamini Kristo kwa nguvu zake mwenyewe. Ni Roho Mtakatifu aliyemwita kwa Injili.

Basi nilimjibu yule mama hivi: "Mama, wakikuuliza tena, waambie, 'Nimeokolewa, na aliyeniokoa ni Yesu Kristo. Alinishika katika ubatizo, ananishika leo, naye hataniacha siku ya mwisho.'" Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe jibu nilikuwa nalo."

Ndugu watumishi, tunapopanda mimbarani tusiliache neno kuokoka peke yake. Tumtaje Mwokozi, ili dhamiri zenye hofu zipate pa kutulia.