Kijana anasugua jaketi zima kwa msasa? Mzazi, usikimbilie kugomba

Asubuhi za Juni na Julai hapa Bariadi zina upepo unaouma, na kwenye vijiwe vya bodaboda jaketi ni vazi la kazi. Anayetoka alfajiri na abiria kuelekea Lamadi au Maswa hawezi kwenda na shati tupu. Ndiyo maana mzazi anaduwaa akimkuta kijana wake uani, jaketi la ngozi alilonunua juzi mnadani limetandikwa juu ya benchi, naye anasugua viwiko vyake kwa msasa hadi rangi inatoka. Swali la kwanza la mzazi ni kama huyu mtoto ana akili timamu.

Anazo. Anachotaka ni jaketi lionekane limeishi. Linalong'aa linasema limenunuliwa jana. Lililofifia kwenye viwiko na kola linasema mwenye nalo ametembea. Ni kichekesho kidogo kwa mkoa ambao jua na vumbi la mashamba ya pamba huchakaza nguo bila kuombwa (sijamwona mtu anayesugua katambuga ili zionekane kuukuu), lakini mtindo wenyewe ni wa zamani kuliko wengi wetu. Jaketi fupi la ngozi la waendesha pikipiki, lenye zipu ya kukata upande, lilitengenezwa na Irving Schott huko New York mwaka 1928. Mwaka 1953 Marlon Brando alivaa jaketi la aina hiyo kwenye filamu, na vijana wa dunia nzima wakalitaka. Ya zamani yaliyochakaa kweli yakawa na thamani kuliko mapya, na hapo ndipo watu walipoanza kuyazeesha kwa mikono.

Kabla ya kubishana juu ya msasa, mwulize kijana kama hiyo ni ngozi kweli. Mengi yanayotoka kwenye mabelo ya mitumba ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Geuza ukingo wa ndani mahali ambapo bitana limeachia: ngozi ina manyoya manyoya kama ya nyuma ya mkanda, ya bandia ina nyuzi za kitambaa. Vinyweleo vya ngozi havifanani. Vya bandia vimepigwa mhuri mmoja. Ya bandia haizeeki, inabanduka maganda, na joto na unyevu vinaiharakisha. Ukiisugua kwa msasa umeharibu jaketi, basi. Kwa hiyo kama ni ya bandia, ugomvi umekwisha: avae hivyo hivyo.

Kama ni ngozi, kazi inawezekana, ila iende polepole. Atumie msasa laini, namba 220 au zaidi. Ule mkali wa seremala unachimba. Ajaribu kwanza sehemu iliyojificha, chini ya kwapa au nyuma ya kola, aone rangi ya chini ikoje. Kisha asugue pale ambapo mwili wenyewe ungesugua: ncha za viwiko, kingo za mikono, midomo ya mifuko, mkunjo wa kola, kando ya zipu. Vijana wengi wanakosea kwa kusugua katikati ya mgongo, mahali ambapo hakuna kinachogusa. Jaketi la hivyo halionekani limezeeka, linaonekana limeng'atwa na panya.

Makunyanzi huja kwa maji. Lirushiwe maji kidogo, likunjwekunjwe, kisha livaliwe hadi likaribie kukauka. Lisianikwe juani wala karibu na jiko la mkaa, maana ngozi iliyolowa ikipata joto kali hukakamaa na kupasuka.

Kuna vitu vya kumkataza bila mjadala. Jiki ni kimojawapo: ngozi ni kama nyama, dawa hiyo inaila na kuidhoofisha, na jaketi litachanika baada ya muda. Petroli inakausha mafuta yote ya ngozi, na inaweza kuwasha nyumba. Spiriti ya duka la dawa hutoa rangi kweli, lakini nayo hushika moto haraka. Itumike nje, kwa kitambaa, mbali na jiko na sigara.

Halafu kuna vumbi. Hili mzazi asilipuuze. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeliweka vumbi la ngozi kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani ya pua kwa watu wanaolivuta kazini miaka mingi. Jaketi moja si kiwanda, lakini kijana akianza kuwafanyia wenzake kwa malipo, hesabu inabadilika. Uturuki ilijifunza kwa uchungu kwenye jinzi. Vijana walipuliza mchanga kwa mashine ili suruali mpya zionekane zimechakaa, vumbi likaingia mapafuni, wakaugua ugonjwa uleule wa wachimba migodi ambao hauna tiba. Nchi hiyo ilipiga marufuku kupuliza mchanga kwenye jinzi mwaka 2009. Basi asugue nje, avae barakoa, afute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kulikung'uta, na kamwe asifanyie kazi hiyo chumba wanacholala wadogo zake.

Kwa anayeendesha pikipiki kuna jambo zito zaidi ya mtindo. Akianguka, kiwiko na bega ndivyo vinavyogusa lami kwanza, na ndizo sehemu hizo hizo anazopenda kuzisugua. Mkubaliane mpaka: aondoe rangi ya juu tu, na akiona manyoya manyoya yanatokeza, aache. Ngozi iliyokonda inapendeza kijiweni, barabarani haimlindi.

Mwisho apake dawa ya viatu isiyo na rangi, au mafuta ya ngozi ambayo fundi viatu anayo, kidogo kidogo kwa kitambaa, na alitundike kivulini usiku kucha. Mafuta ya alizeti yabaki jikoni. Kwenye ngozi huvunda, hunuka na kukamata vumbi. Na kama bado haridhiki na alivyolizeesha, safari za Lamadi za mwezi mmoja zitamalizia zilizobaki bure.