Supapu inayonyamaza: ni nzima ao imekufa?

Kwenye tangi ya kompresa, ile inayopelekea martopikeri hewa mu mugodi, kuko kifaa kidogo kinaitwa supapu ya usalama. Resori inaikandamiza ikae imefungwa. Presio ikipita kipimo, inashinda nguvu ya resori, hewa inatoka kwa kelele, tangi haipasuke. Mama ambaye iko na sufuria ya presio ku nyumba anaijua kazi yake.

Shida ni kwamba inaweza kukaa miaka mingi bila kufunguka hata mara moja. Kutu ikiikamata, ao mavumbi na rangi vikiigandisha, kwa macho utaiona sawa ile nzima. Manometa haitakuambia kitu, juu inapima presio tu, haipimi supapu. Na yale maneno ya ku atelie, «hii haijatusumbua hata siku moja», kwa supapu si sifa.

Ma-injenieri wanahesabu hivi. Tuseme supapu ya namna fulani inakufa, kwa wastani, mara moja mu miaka 100. Ukiipima kila mwaka, siku presio inapanda kuko nafasi kama 1 juu ya 200 ya kuikuta imekufa. Ukingoja miaka 10 ndipo uipime, inakuwa karibu 1 juu ya 20. Na chuma ni kile kile! Kuweka supapu mbili kunasaidia, lakini si sana vile watu wanafikiri: kutu moja inaweza kuziua zote pamoja.

Kuko na ugonjwa mwingine: kufunguka, halafu kukataa kufunga. Tarehe 28 mwezi wa tatu 1979, ku Three Mile Island, Marekani, supapu ya mtambo wa nyuklea ilibaki wazi. Taa yake ilizimika, wafanyakazi wakaamini imefungwa. Kumbe taa ilifuata amri ya umeme tu, si supapu yenyewe. Maji yalitoka zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya moyo wa mtambo ikayeyuka.

Basi ukifika ku kazi, uliza: supapu hii ilipimwa lini, na karatasi iko wapi? Muhuri wake haujakatwa? Robine haijawekwa kati yake na tangi? Na ukikuta mtu amekaza resori ao ameweka kizibo eti juu ya kelele, zimisha kompresa kwanza, halafu ndipo uite shefu.