Nani yuko chini yako kwenye orodha?

Rubani kijana aliyepata barua mbili za ajira kwa wakati mmoja huanza kusoma pale penye mshahara. Simlaumu. Mafunzo yamekula shamba la mzazi au mkopo wa benki, na mwenye deni hana subira. Ila mshahara ule umepangwa mwaka wa neema, na mkataba utamkuta pia mwaka wa dhiki. Mimi ningeanza na swali jingine: mambo yakiharibika, nani atatoka kabla yangu?

Katika biashara ya ndege mambo huharibika kwa mzunguko, na sababu haina siri. Shirika huagiza ndege wakati viti vimejaa, nazo hufika miaka kadhaa baadaye, soko likiwa limegeuka. Mwaka 2012 Kenya Airways ilikuwa na mpango wa Mawingu, uliolenga kupanua kundi la ndege zake kupita maradufu ndani ya miaka kumi. Boeing 787 ya kwanza ilifika Nairobi 2014. Kufikia hapo jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lilikwishashambuliwa na magaidi, na watalii wamepungua. Ebola ikavuruga safari za Afrika Magharibi, na mikataba ya kufunga bei ya mafuta mapema ikageuka mzigo bei ilipoporomoka. Hasara ya mwaka ulioishia Machi 2015 ilikuwa shilingi bilioni 25.7, na mwaka uliofuata bilioni 26.2. Boeing 777-300ER tatu zikakodishwa kwa Turkish Airlines. Sasa mfikirie aliyekubali kazi kwa sababu ya ndege hiyo hasa.

Kwenye mashirika mengi makubwa yenye chama cha marubani, orodha ya tarehe za kuajiriwa ndiyo huamua nani anapanda kuwa kapteni, nani anachagua likizo, na nani anapunguzwa kwanza. Anayeingia na kundi la mwisho la msimu wa neema amekaa mlangoni. Kwa hiyo uliza: wangapi wameajiriwa baada yangu, na makapteni wangapi wanakaribia miaka 65, ukomo wa kimataifa wa kurusha abiria? Ukijibiwa kwamba "tunatarajia kukua", hujajibiwa. Na pale pasipo na orodha ya aina hiyo, uliza walimpunguza nani mwaka wa korona, 2020, na kwa kigezo gani.

Hata orodha yenyewe si kinga kamili. American Airlines ilipoinunua TWA mwaka 2001, marubani wengi wa TWA, wakiwemo wenye miaka zaidi ya kumi kazini, walipangwa chini ya wale American iliowaajiri karibuni kabisa. Na katika upunguzaji uliofuata Septemba 11, panga likaanzia chini.

Wengi wetu huuliza habari za Ghuba. Mshahara hauna kodi ya mapato, na nyumba na ada ya watoto mara nyingi vimo kwenye ofa. Lakini ukaazi wako pia umefungwa kwenye kazi hiyohiyo. Machi 25, 2020 Emirates ilisimamisha safari zake za kawaida za abiria, na katikati ya mwaka ikaanza kupunguza marubani, wa A380 wakiumia sana. Aliyepoteza kazi Dubai alipaswa kutafuta kwa mpigo nchi ya kuishi na shule ya watoto. Nenda, sisemi usiende, ila usiiache leseni ya nyumbani ikafa.

Sasa rudi kwenye mshahara, lakini uuchambue. Tuchukue mfano wa kubuni. Ofa ya kwanza ni dola 4,000 kwa mwezi: 1,600 ni mshahara wa msingi, zilizobaki ni posho ya kuruka ya dola 30 kwa saa, ikidhaniwa utaruka saa 80. Ya pili ni dola 3,300, na 3,000 kati yake ni msingi. Ndege zikiegeshwa ukaruka saa 20 tu, ile ya kwanza inakupa 2,200 na ya pili bado ni zaidi ya 3,000. Muulize mwajiri kama kuna saa za uhakika zinazolipwa hata usiporuka. Wengi hawaulizi.

Kipengele kinachouma zaidi huwa kwenye ukurasa wa nyuma. Kumfunza rubani aina mpya ya ndege hugharimu maelfu mengi ya dola, na shirika likilipa hukufunga kwa miaka kadhaa; ukiondoka mapema unadaiwa gharama hiyo. Deni hilo lipungue kila mwezi unaofanya kazi, na lifutike shirika lenyewe likikuachisha. Hilo liandikwe kabla ya sahihi. Baada ya hapo ni hisani. Angalia pia aina ya ndege. ATR, A320 na 737 zina waajiri wengi duniani. A220 ni ndege nzuri, lakini Air Tanzania ililazimika kuziegesha zake kwa matatizo ya injini yaliyoanzia kiwandani, na rubani asiyepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 harudi kubeba abiria mpaka ahuishe sifa hiyo.

Wa miaka 24, asiye na familia, anaweza kubahatisha. Kapteni wa ATR wa miaka 48 aliye katikati ya orodha nyumbani, sioni anafuata nini mkiani mwa shirika kubwa. Isipokuwa awe ameona kwenye karakana ya mwajiri wake wa sasa ndege moja imekaa miezi bila injini, vipuri vyake vikihamishiwa nyingine. Huyo ajibu barua wiki hiihii, mshahara wa mwezi huu ukiwa bado unaingia.