Namba kwenye fimbo ya kuvulia siyo kilo za samaki

Leo naweka pembeni nyanya na vitunguu. Huku Tengeru hadi Usa River kuna vijana wenye mabwawa wanaotaka kuuza siyo samaki tu, bali na raha ya kuvua: mgeni anayesubiri safari ya mbugani analipa, anavua kwa fimbo na nzi bandia, samaki anarudishwa majini, kesho anavuliwa tena. Wazo zuri. Shida ni kwamba fimbo zinanunuliwa kwa macho.

Na mimi nilichangia. Mwaka jana kijana mmoja mwenye perege na kambale wazazi wa kilo nne, tano, alinionyesha fimbo namba 5. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Inatosha, si samaki wako hawazidi kilo tano?" Mgeni akanasa kambale jike, wakavutana karibu nusu saa, fimbo ikakatika na samaki akaondoka na ndoano pamoja na mshipi. Siku ya tatu akaelea, mshipi umemzunguka kwenye mashavu. Yule ndiye mama tuliyekuwa tunamkamulia mayai ya kuzalisha vifaranga. Ilibidi nikajisomee upya.

Namba ile ni ya uzito wa mshipi, basi. Nzi bandia ni manyoya tu, huwezi kuyarusha kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, kama mjeledi wa mchunga ng'ombe. Hupimwa kipande chake cha mbele, kama mita 9: namba 5 kina gramu 9 hivi, namba 8 gramu 13.6, namba 10 gramu 18. Fimbo hutengenezwa kubeba mshipi wa namba yake.

Sasa samaki anaingiaje? Samaki mkubwa hupenda chambo kikubwa, na manyoya mengi hushika upepo. Mshipi mwepesi hauyafikishi, yanaanguka miguuni pako. Halafu fimbo ya namba kubwa ina mgongo mgumu, inamwinua samaki aliyezama chini badala ya kupinda tu kama muwa.

Kwa bwawa la perege wa nusu kilo, namba 5 inatosha. Trauti wa maji baridi ya mlimani, 5 au 6. Ukiwa na kambale kuanzia kilo tatu, nunua namba 8 na usibishane na muuzaji. Wanaokwenda mito ya Mnyera na Ruhudji kule Kilombero kumtafuta taigafishi hubeba 8 au 9, na mbele ya mshipi hufunga waya maana meno yake hukata. Sangara wa Ziwa Victoria ni habari nyingine, anaweza kupita kilo 100. Kwa wale wakubwa watu huanzia namba 10 hadi 12.

Kwako wewe mfugaji, fimbo dhaifu ina gharama nyingine. Samaki anayevutwa muda mrefu huishiwa oksijeni, na ukimrudisha anaweza kufa baadaye wakati mgeni ameshaondoka. Kambale huvuta hewa juu ya maji, anavumilia kiasi. Perege hana uwezo huo, trauti ndiyo kabisa: maji yakipita nyuzi 20 anaanza kuteseka hata bila kuvuliwa. Kwa hiyo wavuaji waje asubuhi, siyo saa nane mchana, na samaki atolewe ndoano akiwa bado ndani ya maji.

Ukinunua, angalia namba ya mshipi ilingane na ya fimbo (mara nyingi vinauzwa mbalimbali), na gurudumu la kukunjia liwe na breki. Ndoano zake bana vile vijino kwa koleo, zitoke kirahisi. Yule kijana sasa ana namba 8 mbili. Kambale anafika kwenye wavu ndani ya dakika chache, na ile namba 5 mpya aliyopata kwa bei ya hasira anawapa watoto wa wageni upande wa perege.