Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Mafaili Bado Yamo

Mwaka jana katika msimu wa pamba kompyuta ya chama chetu cha msingi iligoma. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Malipo yalikuwa yafanyike Alhamisi. Karani wetu alibonyeza kitufe, taa ndogo ikawaka, feni ikavuma, halafu kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe ya Kiingereza. Akazima, akawasha tena. Mambo yakawa yale yale.

Ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimokuwa orodha ya wakulima wetu wote, kilo alizopima kila mmoja, na madeni ya mbegu na dawa. Habari za kijijini hazihitaji redio. Kufika saa sita mchana watu walikuwa wamejaa nje ya ofisi. Mama mmoja aliuliza, "Sasa pamba yangu nimempa nani?" Hakuna aliyemjibu.

Tunaandika habari hii kwa sababu siku hizi kompyuta za mkononi, yaani laptopu, zimeingia vijijini. Ziko shuleni, zahanati, na kwenye ofisi za vyama. Siku moja yenu nayo itagoma.

Kwanza tuelewe jambo moja. Kompyuta ina sehemu nyingi, na kazi ya kutunza mafaili ni ya sehemu moja tu iitwayo diski. Chaja inaweza kufa, betri ikafa, kioo kikafa, hata ile programu kuu ya kuiamsha kompyuta ikaharibika, na diski ikawa nzima. Ni sawa na ghala ambalo kufuli yake imeshika kutu. Mlango haufunguki, lakini mahindi yamo ndani.

Sisi hatukulijua hilo. Tulimtuma karani mjini kwa fundi, na baadhi yetu tukafuatana naye. Fundi aliitazama kidogo tu, akasema, "Hii inataka kupigwa Window." Yaani aweke upya ile programu kuu, Windows. Bei yake haikuwa mbaya, na karani alikwisha kuingiza mkono mfukoni. Bahati tulikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari. Yeye akauliza, "Na mafaili je?" Fundi akajibu bila wasiwasi, "Hayo yatafutika, lakini kompyuta itakuwa kama mpya." Loo! Tuliibeba kompyuta yetu tukatoka.

Hatumlaumu sana fundi yule. Wengi wanaompelekea kompyuta wanataka iwake tu. Ni kazi ya mwenye mali kusema mapema: "Nataka mafaili kwanza, kompyuta baadaye." Kupiga Window upya mara nyingi huanza kwa kusafisha diski. Kisha programu mpya huandikwa juu ya mafaili ya zamani, na kilichoandikwa juu yake hakirudi. Tena katika diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, zinazoitwa SSD, kilichofutwa huweza kutoweka kabisa kwa muda mfupi.

Basi, tufanye nini?

Tuhakikishe kwanza kwamba imekufa kweli. Jaribu chaja nyingine inayofanana na ile, yenye volti zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha chaja na kuwasha. Kama kioo ni cheusi lakini unasikia inafanya kazi, mulika kioo kwa tochi. Ukiona picha hafifu, basi ni taa ya kioo tu iliyokufa. Iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI na utaona mafaili yako yote.

Halafu tega sikio. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Diski za aina ya zamani zina sahani ndani yake, na nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea, kama sindano ya santuri, ila hiki hakigusi. Kinaelea juu kidogo sana. (Diski za namna hii si kitu cha jana: kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa ya kwanza mwaka 1956, ina sahani 50 na uzito wake ulipita tani moja.) Kompyuta ikianguka, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza. Ukisikia tik, tik, tik isiyokoma, zima papo hapo. Usiwashe tena "kujaribu kidogo," maana kila ukiwasha unakwangua zaidi. Diski hiyo inataka mtaalamu wa kuokoa data, na gharama yake ni kubwa. Kamwe usiifungue diski yenyewe, hata vumbi dogo linatosha kuimaliza.

Kama kompyuta imemwagikiwa maji, usiiwashe wala kuichaji. Chomoa umeme, toa betri, umpelekee fundi aifungue na kuikausha. Habari ya kuitia kwenye mchele tuiache, inapoteza mchele.

Ya kwetu haikuwa na tik tik wala maji. Mwalimu akasema tutaingia kwa mlango wa uani. Kuna programu kuu nyingine iitwayo Linux. Inapatikana bure, na inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mwalimu aliipakua kwa kompyuta ya shule usiku kucha, maana faili lake ni la GB kadhaa na mtandao wetu mnaujua. Aliiweka kwenye flashi ya GB 8. Angalia sana hapa: flashi hiyo hufutwa yote wakati wa kuiandaa, kwa hiyo isiwe na kitu unachokitaka.

Asubuhi alichomeka flashi kwenye kompyuta iliyogoma, akawasha huku akigonga kitufe cha F12. Katika kompyuta nyingi za Dell na Lenovo ni F12, na katika HP nyingi ni F9. Ikatokea orodha fupi, akachagua flashi. Baada ya dakika chache kioo kilichokuwa cheusi kikajaa rangi. Karani alipiga makofi peke yake. Ikauliza kama tunataka kuijaribu au kuisimika. Hapo ndugu zangu chagua kujaribu. Ukichagua kuisimika unaweza kufuta yale uliyokuja kuyaokoa.

Ndani yake akafungua diski ya kompyuta, akaingia kwenye kabrasha la Users, kisha jina la karani, kisha Desktop na Documents. Wengi wetu huweka vitu humo, na wengine huviacha kwenye Downloads. Diski ikisema inakubali kusomwa tu bila kuandikwa, si neno, sisi tunataka kusoma. Orodha ya wapimaji ilikuwapo. Akainakili kwenye flashi ya pili, na kabla ya kushangilia akaifungua kwenye kompyuta ya shule kuona kama inasomeka. Ilisomeka.

Kama kompyuta haiwaki kabisa, njia hii haifai. Hapo fundi hufungua kifuniko cha chini, hutenga betri, hutoa diski na kuitia kwenye kasha dogo lenye waya wa USB. Kisha diski husomwa na kompyuta nyingine kama flashi. Makasha hayo huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, ila yako ya aina mbalimbali, hivyo nenda na diski yenyewe mkononi. Katika laptopu nyingine nyembamba diski imechomelewa kwenye bodi na haitoki. Huko lazima bodi itengenezwe kwanza.

Lipo tatizo jingine ambalo mwalimu alitueleza tukiwa tumekwisha kupona. Kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa ufunguo, mpango wa Windows unaoitwa BitLocker. Hata ukiitoa diski, usipokuwa na ufunguo wa tarakimu 48 hutaona kitu. Ufunguo huo mara nyingi hukaa katika akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiandaa kompyuta mara ya kwanza. Je, ni nani? Huenda ni karani aliyehama miaka miwili iliyopita! Uutafuteni leo, kompyuta ikiwa nzima, mwuandike kwenye karatasi na kuifungia kabatini. Na kama diski haikufungwa, jueni kwamba nywila ya kuingilia Windows haizuii mtu aliyeishika diski mkononi kusoma kila kitu. Ndiyo sababu karani wetu alikaa na kompyuta muda wote ilipokuwa mikononi mwa watu.

Tulipoikagua ile orodha tuliona imeishia Ijumaa. Pamba ya Jumamosi ilikuwa imepimwa, lakini karani alikuwa hajaiingiza. Kompyuta haiwezi kurudisha kisichoandikwa. Ikabidi tuvitafute vishina vya stakabadhi, tukakaa wanne mezani, mmoja akisoma, mmoja akiandika, wawili wakikagua, mpaka taa ya sola ikafifia. Vishina viwili havikuonekana. Wenyewe walileta stakabadhi zao kesho yake, moja ikiwa imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Malipo yalifanyika Ijumaa badala ya Alhamisi. Kilo za yule mama zilikuwamo, alizihesabu mwenyewe mara mbili kabla ya kutia sahihi. Sasa kila jioni karani ananakili orodha kwenye flashi mbili. Moja inabaki ofisini, na ya pili anaondoka nayo mweka hazina, aliyeishonea mfuko wake mdogo.