Nani yuko chini ya paa lako?



Mpendwa msomaji, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kuna sheria ambayo sijawahi kusikia padre akiihubiri, na mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliipita tu. Inamwagiza Mwisraeli anayejenga nyumba mpya azungushie paa lake ukingo, maana mtu akianguka kutoka huko juu, hatia ya damu yake itakuwa juu ya nyumba hiyo. Basi. Kabla yake Musa anazungumzia kiota cha ndege, na baada yake anazungumzia mbegu za kupanda katika shamba la mizabibu. Ukisoma haraka unaweza kudhani sheria hii ya paa imepotea njia.

Haikupotea. Nyumba za nchi ile zilikuwa na paa bapa, za boriti na matete na udongo ulioshindiliwa, na watu walifanya mambo mengi huko juu. Rahabu alianika mabua ya kitani darini, akawaficha wapelelezi chini yake (Yoshua 2:6). Petro alipokuwa Yafa alipanda juu kusali, yapata saa sita mchana (Matendo 10:9). Mfalme Daudi naye alikuwa akitembea darini jioni, na yaliyofuata tunayajua. Nikumbushe tu kwamba "dari" katika Biblia zetu za zamani ni juu kabisa ya nyumba, si silingi bodi. Kuna kijana wa kipaimara aliyewahi kuniuliza Petro alipita wapi kwenye zile mbao.

Hata majani ya darini Biblia inayajua. Zaburi ya 129 inawafananisha waovu na majani hayo, yanayochipua upesi katika udongo mwembamba na kukauka kabla hayajamfaa mvunaji. Kwa hiyo habari za bustani juu ya paa, ambazo siku hizi husemwa kama kitu kipya kutoka Ulaya, zina mizizi mirefu kidogo.

Nilianza kuitazama kwa makini ile aya ya Torati baada ya kufanya kosa. Naomba nilieleze, maana lilitokea hadharani.

Miaka miwili iliyopita, hapa parokiani kwetu Dar es Salaam, nilihubiri juu ya utunzaji wa mazingira. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, kipindi ambacho Kanisa huombea kazi ya uumbaji. Nilikuwa nimeusoma tena waraka Laudato si' wa mwaka 2015, pale hayati Papa Fransisko anapowasikitikia watu wa mijini wanaoishi wamezingirwa na zege, lami na vyuma, wasiguse jani wala udongo. Nikatafuta mfano wa kuwaamsha waamini, nikaupata Chicago, Marekani. Mfano ule bado naupenda, kwa hiyo niurudie.

Julai 1995 jiji la Chicago lilipatwa na joto kali, siku moja likafika nyuzi 41. Katika siku chache walikufa watu zaidi ya 700. Wengi walikuwa wazee na maskini waliokaa peke yao, baadhi yao katika ghorofa za juu kabisa, joto la paa likiwashukia, madirisha wameyafunga kwa kuogopa wezi. Wapo ambao miili yao haikudaiwa na mtu yeyote. Jiji zima la zege na lami lilikuwa limekunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, hata usiku usiwe na nafuu.

Miaka mitano baadaye jiji, chini ya Meya Richard M. Daley, likitafuta njia za kupunguza joto hilo, lilianza kupanda bustani juu ya paa la ofisi zake kuu. Ilipandwa mimea zaidi ya 20,000, ya aina zaidi ya 100, na baadaye ikawekwa mizinga ya nyuki. Sasa sikiliza jambo lililonivutia. Jengo lile ni moja, lakini lina wenyewe wawili: nusu ni ya jiji, nusu ni ya serikali ya kaunti. Jiji lilipopanda, nusu ya kaunti ilibaki na lami yake nyeusi. Alasiri moja ya Agosti wakapima joto la pande zote mbili. Upande wa bustani ulikuwa kati ya nyuzi 33 na 48. Upande wa lami ulikuwa nyuzi 76. Jengo moja, jua moja. Mimea hupoza kama jasho linavyotupoza sisi, kwa kutoa maji taratibu kupitia majani, na udongo unakifunika kile ambacho kingeungua.

Unaweza kuona mahubiri yalivyojiandika yenyewe. Niliwauliza waamini wao ni nusu ipi ya paa, wakacheka, wakapiga makofi. Nilishuka mimbarini nikiwa nimeridhika.

Wiki ile ile vijana wetu wa VIWAWA walinijia. Jengo letu la mikutano lina paa la zege bapa, kwa sababu waliotutangulia walikusudia kuongeza ghorofa fedha zikipatikana. Nondo bado zimechomoza angani kama vidole. Wakasema, "Baba, tuanze sisi." Ningewezaje kukataa? Wakaleta matairi, ndoo zilizotoboka, masanduku ya mbao, lori zima la udongo na viroba vya mbolea ya kuku. Wakapanda mchicha, chainizi, matembele, bamia. Mwezi wa pili walikuwa wanauza mafungu nje ya kanisa baada ya Misa, na fedha zikaenda kwa wagonjwa wa jumuiya. Wageni kutoka parokia nyingine walipandishwa juu wakaone. Picha zilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na kwenye nyingi nami nimo, nikitabasamu.

Chini ya paa lile, mwisho wa ukumbi, kuna chumba kimoja. Humo anaishi mzee wetu, katekista mstaafu, mjane, ambaye aliwafundisha katekisimu watu wa parokia hii kwa miaka 31.

Mvua za vuli zilipoanza, slabu ilivuja. Udongo ulikuwa umeziba matundu ya kutolea maji, maji yakatuama siku nzima chini ya zile bustani, yakatafuta nyufa, yakazipata. Mzee alisogeza kitanda. Akaweka beseni. Akasogeza kitanda tena. Haya yaliendelea kwa majuma matatu, na katika majuma hayo matatu mimi nilipanda paani na wageni mara mbili, nikapita mbele ya mlango wake.

Niliyajua kwa mama mmoja wa WAWATA aliyekuwa akimpelekea chakula. Nilipoingia, ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu na mzee anakohoa. Nikamwuliza, "Mzee wangu, kwa nini hukuniambia?" Akanijibu kwa upole uliozidi kuniumiza: "Baba, nilisikia ulivyohubiri. Sikutaka kuharibu kazi ya vijana."

Kisha nikaona daftari. Alikuwa nalo moja kubwa, la jalada gumu, ambamo kila mwaka aliandika majina ya aliowaandaa kwa Ubatizo. Vitabu rasmi vya parokia viko salama ofisini, lakini lile lilikuwa lake, na pembeni ya majina aliandika mambo yake: huyu alikuja kwa miguu kutoka wapi, yule mama yake alikuwa hataki. Maji yalikuwa yameingia kabatini. Wino ulikuwa umetembea.

Yule mama wa WAWATA hakunimaliza hapo. Tulipotoka nje alininong'oneza, "Na hao watoto wanaowapeleka juu kumwagilia, Baba, pembeni hakuna kitu cha kuwazuia." Usiku ule ndipo nilipofungua Kumbukumbu la Torati. Nilikumbuka kwamba mahali fulani Mungu amesema kitu juu ya kingo za paa.

Tulimwita fundi, mwamini wetu, anayejua zege. Alipanda, akatazama, akatikisa kichwa. Akaniambia ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa ina zaidi ya kilo 30. Udongo wa kawaida wenye kina cha sentimita 10 tu, ukilowa, unaweka zaidi ya kilo 150 kwenye kila mita moja ya mraba. "Mmeliuliza paa kama linaweza?" akasema. Hatukuliuliza.

Nilirudi kusoma habari za Chicago, safari hii nikitafuta nilichoruka. Kilikuwepo muda wote. Kabla ya ua la kwanza kupandwa pale, wahandisi walichunguza jengo lile, lililokamilika mwaka 1911, lina uwezo gani. Bustani ya namna hiyo hupangwa kwa matabaka: kwanza kizuizi cha maji, kisha kizuizi cha mizizi isitoboe, kisha tabaka la kupitishia maji yaende yanakotakiwa, kisha kitambaa cha kuchuja, ndipo udongo, na udongo wenyewe ni mchanganyiko mwepesi uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Mahali pengi pale udongo ni mwembamba. Miti michache iliyopo ilipandwa palipo na nguzo za kuibeba. Wajerumani, ambao wamekuwa wakiifanya kazi hii kitaalamu tangu miaka ya 1970, wanajua kwamba sehemu muhimu zaidi ya bustani ya paa ni ile isiyoonekana. Mimi niliwahubiria watu maua nikaacha kizuizi cha maji. Niliwapa hesabu ya mimea, sikuwauliza nani anaishi chini.

Ndiyo maana sasa naona sheria ile haikupotea njia. Iko kati ya kiota na shamba la mizabibu kwa sababu Torati haitenganishi kumhurumia ndege, kulima vizuri na kumlinda mtu anayeweza kudhurika nyumbani mwako. Walimu wa Kiyahudi wa kale waliipanua aya hiyo: kwao ilikataza pia kufuga mbwa mkali na kuweka ngazi mbovu nyumbani. Seminarini tulifundishwa kutafuta maana ya ndani ya maandiko, na ni vema. Lakini aya hii inasema ukingo na inamaanisha ukingo. Wa matofali.

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Sijaacha kuamini bustani za juu. Miji yetu inaongezeka joto, na mvua ikinyesha maji ya kila paa hukimbilia mtaroni kwa pamoja. Yanashuka kwa walio bondeni, na watu wa Jangwani na bonde la Msimbazi wanajua ninachosema kuliko mimi. Udongo juu ya paa hushika sehemu ya maji hayo na kuyaachia polepole. Paa moja halitaokoa Jangwani, lakini huko Toronto, Kanada, mwaka 2009 ilipitishwa sheria iliyowataka wanaojenga majengo mapya makubwa wafunike sehemu ya paa kwa mimea, kwa kuwa paa nyingi pamoja ni jambo jingine. Mwenye ghorofa Kariakoo au Upanga, mkuu wa shule, mganga mfawidhi, paroko mwenzangu mwenye ukumbi wa zege: jambo hili linakuhusu. Mwite mhandisi kwanza. Kizuizi cha maji ni ghali, nakuonya mapema, na ukikosa fedha zake basi ngoja.

Na wewe mwenye nyumba ya bati, ambao ndio wengi wetu, usipande kitu juu. Bati halikuumbwa kwa hilo. Tazama wenzetu wa Kibera, Nairobi, wanavyopanda sukuma wiki katika magunia, mboga zikitokea juu na ubavuni, mahali padogo pa kuweka stuli mbili. Au panda mpesheni upande jua linakochoma, uupe kichanja cha kutambaa, ukutie ukuta kivuli.

Kwetu, vijana waliteremsha udongo wote kwa ndoo, Jumamosi tatu. Niliteremsha nao, pungufu yao kwa sababu ya mgongo. Mboga sasa ziko kwenye magunia nyuma ya ukumbi na zinastawi, ingawa haziwavutii wageni. Niliomba radhi kwenye Misa zote mbili za Jumapili, mimbarini pale pale. Mzee tulimhamishia nyumba ya mapadre hadi chumba chake kilipopigwa plasta upya. Alikaa nasi miezi minne na tukazoea kikohozi chake.

Ukingo umejengwa, kozi tano. Mifereji imezibuliwa. Kizuizi cha maji bado. Tumefika nusu ya fedha, na Halmashauri ya Walei imekataa jani lolote lipande juu kabla nusu ya pili haijapatikana. Safari hii nimekaa upande wao.

Daftari lile vijana wamelinakili, ukurasa kwa ukurasa. Kurasa nne hazisomeki. Mzee huketi nazo barazani jioni, na akikumbuka jina humwita aliye karibu aandike. Wiki hii amekumbuka mawili.